Mto Gash unaishia wapi hasa?

Swali: Assalamu alaykum. Nasomesha jiografia skuli ya sekondari hapa Wete, Pemba. Katika mtihani wetu wa ndani tuliuliza Mto Gash unaishia wapi. Baadhi ya wanafunzi wameandika unaingia Mto Atbara, wengine wameandika unapotelea jangwani, na mmoja kauliza mbona atlasi moja inauita Mareb na nyingine Gash. Ramani tulizonazo hazikubaliani. Mto huu unapita wapi hasa na maji yake huenda wapi? Na nitawafahamisha vipi watoto ambao hawajapata kuona mto unaokauka miezi tisa kwa mwaka?

Jibu: Wa alaykum salaam, Mwalimu. Nianze na majina kwa kuwa ndiyo mepesi. Mareb (wengine huandika Mereb) na Gash ni mto mmoja. Juu milimani, kwa wanaosema Kitigrinya, ni Mareb. Ukishuka nyanda za magharibi za Eritrea na kuingia Sudan ni Gash. Wasudani mara nyingi hutanguliza neno khor, ambalo kwa Kiarabu cha kwao ni korongo linalopitisha maji kwa msimu. Hapo hata jina limeshatoa nusu ya jibu. Atlasi zako zote mbili ziko sawa, kila moja imechukua jina la upande mmoja.

Pa kuwa waangalifu ni kwenye jina la mkoa wa Eritrea uitwao Gash-Barka. Wanafunzi wakiliona hudhani ni mto mmoja wenye majina mawili. Hiyo ni mito miwili. Barka nao ni wa msimu na nao hutoka nyanda za juu za Eritrea, lakini huelekea kaskazini, ukaingia Sudan na kumwaga matope yake kwenye delta ya Tokar, karibu na Bahari ya Shamu. Gash haukaribii bahari yoyote.

Sasa njia yenyewe. Chukua ramani kubwa au picha za setilaiti, anza Asmara, mji uliopo zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Chanzo cha Mareb kiko kusini yake, kwenye uwanda huo huo wa juu. Mto unashuka kwanza kuelekea kusini, unapita karibu na mji wa kale wa Debarwa, unazidi kuchimba bonde lake, halafu unapinda kwenda magharibi. Kwenye mpindo huo ndipo mambo ya mipaka yanapoanza. Unapokutana na Mto Belesa, Mareb unakuwa mpaka wa nchi: ukingo wa kaskazini ni Eritrea, wa kusini ni Ethiopia, upande wa Tigray. Unaendelea hivyo mpaka makutano yake na kijito cha Mai Ambessa. Hapo mstari wa mpaka unauacha mto na kukata moja kwa moja kwenda kusini-magharibi kuelekea mto mwingine, Setit. Mareb wenyewe unarudi kuwa wa Eritrea pande zote mbili. Unapita nchi ya Wakunama, unafika Tessenei, na baada ya hapo unavuka kuingia Sudan na kuufikia mji wa Kassala, ulio kwenye mita 500 hivi. Kutoka Asmara hadi Kassala mto umeshuka mita 1,800 na zaidi.

Kwa hiyo ukiulizwa Gash unavuka mipaka mingapi, usijibu haraka. Unavuka mpaka mmoja tu kwa maana ya kuukata, ule wa Eritrea na Sudan. Ule wa Ethiopia hauuvuki, bali wenyewe ndio mpaka, kwa sehemu ya safari yake. Huu ni mfano mzuri wa darasani, kwa sababu vitabu vingi huchanganya mto unaokata mpaka na mto ulio mpaka.

Na hapo pana jambo ambalo lazima watoto walipate. Mpaka wa mtoni utauweka wapi, ikiwa mto wenyewe haupo kwa miezi tisa? Mstari huu wa mito ya Mareb, Belesa na Muna uliwekwa na mkataba wa Italia na Ethiopia mwaka 1900. Karibu miaka mia baadaye, mwezi Mei 1998, vita vikazuka kati ya Eritrea na Ethiopia, vikianzia Badme, mahali palipo katika eneo hilo kati ya Mareb na Setit. Tume ya mpaka iliyoundwa baada ya mkataba wa Algiers wa Desemba 2000 ilitoa uamuzi wake tarehe 13 Aprili 2002. Kuhusu mito ilisema mpaka ufuate mkondo mkuu, na mkondo huo utambuliwe wakati wa kiangazi. Fikiria kwa nini. Wakati wa mafuriko maji hujaa ukingo hadi ukingo na huwezi kujua mkondo mkuu ni upi. Maji yakikatika, ule mfereji wenye kina kirefu zaidi unabaki umechorwa mchangani, na mtu anaweza kuukanyaga kwa mguu. Tume ikaongeza kwamba haki za kimila za wenyeji kuufikia mto ziheshimiwe, na hilo ni la haki kabisa, maana anayechimba maji mchangani mwezi wa Machi haulizi tone hili limelala upande gani wa mstari.

Tuje kwenye maji. Mvua za nyanda za juu za Eritrea na kaskazini mwa Ethiopia hunyesha kwa nguvu kati ya Juni na Septemba. Kwetu huo ni wakati wa kusi, masika yamekwisha na kipupwe kimeingia. Pale sisi tunapoanika mpunga, Gash ndio unajaa. Kwa kawaida maji huonekana Kassala kuanzia mwanzo wa Julai hadi mwisho wa Septemba, siku 80 hadi 100 hivi. Kassala kwenyewe hupata mvua ya milimita 250 hadi 300 tu kwa mwaka, wakati Pemba hupata karibu 1,900. Maana yake mto huu haulishwi na mvua ya pale unapoonekana. Ni maji ya mbali yanayopita katika nchi kavu.

Wastani wa maji yanayopita Kassala kwa mwaka ni karibu mita za ujazo milioni 680. Wastani huu lakini ni wa kuangaliwa vizuri, kwa kuwa mwaka wa ukame maji yanaweza kushuka chini ya milioni 200, na mwaka wa mafuriko yakazidi bilioni 1. Wape wanafunzi hesabu hii: siku 85 zina sekunde 7,344,000. Gawa milioni 680 kwa hizo, unapata karibu mita za ujazo 93 kwa sekunde. Halafu waambie kwamba mto hauendi hata siku moja kwa wastani huo. Huja kwa mapigo: mvua moja kubwa milimani, ukuta wa maji ya rangi ya chai ya maziwa unashuka, unapanda kwa saa chache, unapungua kwa siku mbili tatu, kisha pigo jingine. Katikati ya mapigo mtu huvuka akiwa amepandisha suruali magotini.

Rangi hiyo ni tope. Makadirio yanayotumiwa sana ni zaidi ya tani milioni 5 za mashapo kwa mwaka. Ukizigawa kwa yale maji unapata karibu kilo 8 katika kila mita ya ujazo. Iteremshe hesabu hiyo hadi kwenye ndoo ya lita 20 wanayoijua: gramu 160 hivi. Chota ndoo hiyo jioni, iache itulie, asubuhi utakuta chini utando laini kama unga wa muhogo uliotuama kwenye beseni. Utando huo ndio ulioijenga ardhi yote ya kaskazini mwa Kassala, na ndio huo huo unaouletea mji balaa, kama utakavyoona chini.

Basi maji huenda wapi? Yanagawanyika njia tatu, na ni vizuri uzieleze kwa mpangilio wa safari.

Ya kwanza ni chini. Sakafu ya Gash ni mchanga na changarawe, na kila punje ina nafasi kavu pembeni yake. Pigo la kwanza la Julai halisafiri mbali kwa kuwa linalipa deni la mchanga. Pigo la pili linakuta sakafu imeshalowa, linafika mbele zaidi. La tatu zaidi ya hapo. Ndiyo maana mwanzo wa msimu mto huonekana kama unasita. Maji hayo yaliyozama hayakupotea. Yanakaa kwenye tabaka la mchanga chini ya mto na pembeni yake, na ndiyo yanayonywewa na mji wa Kassala kwa visima mwaka mzima. Ndiyo pia yanayonyweshea mashamba ya ndizi, michungwa na vitunguu vya Kassala vinavyosifika Sudan nzima. Mtu wa Unguja au Pemba ataelewa hesabu ya kisima haraka. Hapa kwetu ukivuta kupita kiasi maji matamu yanapungua na chumvi inapanda. Kule hakuna bahari ya kuingia, lakini pampu zikizidi kile mto ulicholipa Agosti, kina cha maji kinazidi kushuka hadi visima vifupi vinakauka kabla msimu mpya haujafika.

Njia ya pili ni juu. Jua la nchi ile hunyonya maji yote yaliyotandaa kwa kina kifupi, na mto unaotandaa kama feni unajiweka wazi kwa jua kuliko unaokwenda katika mfereji mmoja. Hapa sina la kuongeza.

Njia ya tatu, ambayo ndiyo yenye utajiri, ni mashambani. Mto ukishapita mji wa Kassala unaelekea kaskazini, mwinamo unapungua, unaangusha tope lake na kujigawa mikondo mingi. Umbo lake ni feni, au ukili uliofumuliwa upande mmoja. Hiyo ndiyo Delta ya Gash, delta isiyo na bahari. Waingereza walianzisha hapo kilimo kikubwa cha pamba miaka ya 1920, na reli ikafika Kassala mwaka 1924. Baadaye pamba iliachia nafasi mbarika, kisha mtama, ambao ndio chakula cha wenyeji, hasa Wabeja wa kabila la Hadendowa.

Umwagiliaji wake haufanani na wa mabonde yetu ya mpunga. Sisi hushikilia maji juu ya shamba. Wao hulilowesha shamba mara moja, hulifunga, kisha hupanda kwa akiba iliyo ndani ya udongo, bila ya kumwagilia tena hadi mavuno. Lango la maji linafunguliwa kingoni, maji yanaingia mfereji mkuu, yanagawiwa kwenye kipande kirefu cha ardhi wanachokiita misga, na yanaachwa yatambae juu yake kwa siku 20 hadi 25. Udongo wa tope laini, kwao lebad, hunywa vizuri na kwenda chini. Ule mfinyanzi mzito, badobe, hufunga juu mapema na maji husimama. Mita 1 ya udongo mzuri wa tope hushika kiasi cha milimita 150 hadi 200 za maji ambayo mmea unaweza kuyatumia, na mzizi wa mtama unaweza kushuka mita 1 na nusu na zaidi kuyafuata. Wakulima wana aina yao ya mtama, aklamoi, iliyozoea maisha hayo. Ukitaka kujua shamba lililoloweshwa limekunywa kiasi gani, sukuma ufito wa chuma ardhini kwa mkono: unapita kama kisu kwenye mkate palipolowa, na unagoma ghafla pakavu panapoanza. Ukigoma kwenye nusu mita, mavuno hayapo, hata kama juu panang'aa maji.

Na kasoro nyingi huanzia hapo. Mafuriko yakichelewa hadi Agosti, zamu ya pili ya misga haipati siku zake. Lango likifungwa mapema, mwenye shamba la mwisho wa mfereji anabaki na vumbi. Mifereji inajaa tope na isipozolewa kila mwaka hubeba maji pungufu. Tena kuna ule mti wa miba unaoitwa mathenge Kenya, unaotoka bara la Amerika. Uliletwa kuzuia mchanga, ukafuata mifereji na kuvamia mashamba ya delta. Mifugo hula maganda yake, mbegu hutoka kwenye kinyesi zikiwa hai, na mafuriko hukamilisha kazi ya kuzitawanya. Ukiukata juu ya ardhi huchipua upya. Lazima uung'oe na kisiki chake, na hiyo ni kazi ngumu kwa mwenye jembe la mkono.

Kassala yenyewe iko kwenye hatari ya namna yake. Mto unaodondosha tope unainua sakafu yake. Mji unajenga matuta kuuzuia. Mto uliobanwa na matuta hauna tena pa kutandaza tope isipokuwa kati ya matuta hayo, basi sakafu inazidi kupanda na matuta inabidi yainuliwe tena. Ukiendelea hivyo unapata mto unaopita juu ya mitaa. Mwezi Julai 2003 kingo zilipasuka, maji yakaingia mjini na kuangusha maelfu ya nyumba. Kwa maoni yangu, tuta peke yake haliwezi kuwa tiba. Mto wa aina hii unahitaji kuachiwa nafasi ya kutandaa kabla haujaufikia mji, na mji uzuiwe kujenga sakafuni mwa mto katika miezi ambayo panaonekana kama kiwanja cha mpira.

Wenye kutawala waliliona mapema suala la kugawana maji, lakini walilitazama kwa maslahi yao. Mwaka 1925 Uingereza, iliyokuwa na mamlaka juu ya Sudan, na Italia, iliyoitawala Eritrea, ziliafikiana juu ya maji ya Gash, kwani Waitalia nao walikuwa wakitengeneza mashamba ya pamba Tessenei. Mto ukiwa mdogo maji yake yabaki Eritrea, ukikua yagawanywe, na Sudan iilipe Eritrea sehemu ya mapato ya kilimo cha delta yakipita kiwango fulani. Ethiopia, yenye ukingo mzima wa kusini kwa sehemu ya njia, haikuwa mezani. Wanafunzi wako watajiuliza kama hilo lilikuwa sawa. Waachie wabishane, somo limo humo.

Sasa hilo la kuwafahamisha. Tafuta bati jipya, likunje liwe mfereji wa urefu wa mita 2, upana wa sentimita 15, upande mmoja wazi. Jaza mchanga wa kujengea, mkavu, kina cha sentimita 5. Hizo ni lita 15 za mchanga, na nafasi zilizo baina ya punje ni kama lita 5. Inua upande wa juu kwa kipande cha mbao, sentimita 5 tu. Weka karatasi nyeupe mwisho wa chini. Mwaga lita 2 kwa taratibu kwenye kichwa cha mfereji, na mtoto mmoja atie alama ya mkaa pale maji ya juu yanapoishia. Subiri dakika 5, mwaga lita 2 nyingine, tia alama ya pili. Kwenye mwago wa tatu karatasi italowa. Mchanga ukiwa na unyevu tangu mwanzo zoezi litaharibika, kwa hiyo uanike juani siku mbili. Mwinamo ukizidi, maji hupiga mbio juu na kuuchimba mchanga badala ya kuzama. Mwisho chimba kwa kidole katikati ya mfereji, na kikombe cha maji kitajikusanya chini. Hicho ni kisima cha Kassala.

Kwa picha za setilaiti, fungua Google Earth na uweke Kassala. Chagua picha ya mwezi Septemba, halafu ya Machi ya mahali hapo hapo. Fuata utepe mweupe wa mchanga kutoka mlima wa mawe ulio mashariki ya mji, nenda kaskazini mpaka utepe uchanike vipande na mwisho ubaki ukungu wa kijani. Usitafute nukta ya mwisho, kwa kuwa inahama kila mwaka kwa kadiri ya maji.

Usiwaache wanafunzi waamini kwamba jambo hili ni la jangwani peke yake. Unguja tunayo mito midogo inayoshuka na maji yake masika yote, ikifika kwenye mawe ya uwanda inazama kabla ya kuiona bahari. Sababu ni tofauti, huko ni matundu ya mawe ya matumbawe na kule ni mchanga na jua, lakini macho yanaona jambo moja.

Kuhusu alama za mtihani: aliyeandika "Atbara" usimpe sifuri. Mwinamo wa ardhi unaelekea huko, ramani nyingi huuhesabu Gash ndani ya bonde la Atbara na hivyo la Nile, na kwenye mafuriko makubwa mno maji yamesemwa kufika. Mpe nusu, na umwandikie pembeni kwamba hayo si ya mwaka wa kawaida. Aliyeandika "jangwani" mpe zaidi ya nusu, ila umtake aseme mahali: kaskazini ya Kassala, kwenye delta ya nchi kavu. Na kwenye ramani ya ukutani futa ule mstari mzima wa buluu. Kutoka Tessenei kwenda chini chora wa vipande vipande, na mwisho wake uuchore kama feni, bila ya kuugusisha Atbara.